Asante ya Punda Ni Mateke? Somo la Kumlegeza Farasi Aliyekaza Misuli

Kila mwaka jarida letu hujaa insha za ukame, nidhamu na umuhimu wa lugha ya taifa. Mwaka huu nimeomba nafasi nifundishe jambo ambalo halimo katika silabasi yoyote, nalo ni jinsi ya kumsaidia farasi wa kupandwa alegeze misuli iliyokaza. Tafadhali msicheke. Najua kuna watu darasani kwetu wanaosema ati mimi hunukia farasi siku za Jumatatu. Ni kweli, na leo mtajua sababu.

Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hii tunaitia katika kila insha ya mtu asiye na shukrani. Mimi si wa kuwapinga wahenga, maana wao walikuwa wakisema juu ya binadamu. Lakini kwa farasi, ambaye ni jamaa wa karibu wa punda, nimejionea kwamba teke huwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo imejificha ndani ya misuli.

Baba yangu ni saisi, yaani mtunza farasi, katika banda moja upande wa Ngong. Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, mimi hupitia huko jioni na siku za Jumamosi kumsaidia. Farasi si wengi hapa Kenya. Mbung'o, pamoja na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi wadogo wanaouma, vimewazuia kuenea kama ng'ombe na punda. Wengi wetu huwaona katika mbio za Ngong au wakiwa na askari tu. Lakini waliopo wanahitaji kutunzwa, na kazi hiyo ndiyo iliyonilipia karo tangu kidato cha kwanza.

Sasa nisikilizeni kisa cha farasi mmoja aitwaye Radi. Ni farasi dume aliyehasiwa, wa rangi ya kahawia, mwenye umri wa miaka 14. Alikuwa mpole ajabu. Mwaka jana, muhula wa kwanza, alianza vituko. Ukimfunga mkanda wa tumboni anauma. Ukimpanda anainua kichwa juu kama twiga. Ukitaka apinde kushoto anakataa katakata. Mwishowe akamwangusha mtoto mmoja aliyekuwa akijifunza. Mtoto hakuumia sana, alichubuka kiwiko tu, lakini mwenye farasi akasema yatosha. Radi akifika mwisho wa muhula wa pili akiwa bado hivyo, ataondolewa. Farasi mzee mkorofi hana mnunuzi, kwa hivyo sote tulijua "kuondolewa" maana yake ni daktari kuja na sindano. Tena baba alikuwa na farasi watatu tu wa kutunza. Wakibaki wawili, mshahara nao ungepungua.

Siku hiyo hiyo nikajifanya mganga. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni mtu akikandwa mgongo kwa viwiko, basi nami nikamkanda Radi kwa nguvu zangu zote. Akalaza masikio nyuma, akageuka, akaniuma begani. Alama ninayo mpaka leo. Nililia, nikachukua fimbo. Baba akaninyang'anya, akasema, "Binti yangu, usimlaumu. Umemwuliza kwa kelele, naye amekujibu kwa kelele." Hapo ndipo somo langu lilipoanza, na sasa nawapa nanyi kwa mpango.

1. Kwanza mjue farasi

Farasi ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hivyo huona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Silaha yake kubwa ni mbio. Akiogopa au akiumwa, mwili wake hujitayarisha kukimbia: adrenalini humwagika katika damu, moyo huenda kasi, shingo huinuka na mgongo hukakamaa. Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika. Wetu sisi huwa kati ya 60 na 100.

Jambo la pili litawashangaza. Farasi hana mtulinga. Sisi tunao mfupa huo unaounganisha bega na kifua. Kwa farasi, miguu ya mbele imeshikana na kiwiliwili kwa misuli na kano tu. Kifua chake kimebebwa katikati ya miguu miwili kama mtoto katika mbeleko. Basi misuli hiyo ikikaza, hatua zake huwa fupi hata kama mguu wenyewe hauna kidonda.

Jambo la tatu ni kwamba tandiko halikai juu ya mfupa. Hukaa juu ya msuli mrefu wa mgongo, mmoja kila upande wa uti, unaotoka nyongani kuelekea shingoni. Ukimpanda farasi umeukalia msuli huo. Jaribu kuinama na kunyooka huku mtu amekukalia kiunoni, utaelewa.

2. Tafuta chanzo kabla ya dawa

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kumsugua farasi ambaye chanzo cha maumivu yake kiko palepale ni sawa na kupiga deki huku mfereji uko wazi. Baba alianza kwa kumwomba mwenye farasi amwite daktari wa mifugo. Mambo ya kutazamwa ni manne.

(a) Meno. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa sehemu kubwa ya maisha yake huku yakisagwa na nyasi. Kingo zake huweza kuwa kali, za juu upande wa shavu na za chini upande wa ulimi. Hapo lijamu, kile chuma cha mdomoni, ikivutwa humletea uchungu naye hukaza taya na shingo. Daktari huzisawazisha kingo hizo kwa tupa maalumu.

(b) Tandiko. Baada ya kazi livue uangalie jasho la mgongoni. Likiwa limeenea sawasawa pande zote mbili, ni dalili njema. Ukiona pahali padogo pakavu katikati ya jasho, huenda tandiko linapafinya hapo. Nywele nyeupe zinazoota mahali pa tandiko kwa farasi wa rangi nyingine mara nyingi ni alama ya kufinywa zamani.

(c) Kwato na miguu. Farasi anayeumwa mguu hubadilisha mwendo ili kuukwepa, na misuli ya mgongo ndiyo inayolipa deni.

(d) Mpandaji. Anayeketi upande mmoja au kung'ang'ania hatamu humfanya farasi ajikaze siku nzima.

Kwa Radi, daktari alikuta kingo kali za meno upande wa kushoto. Na kwa vile alikuwa amekonda wakati wa kiangazi, tandiko lilikuwa limeshuka likigusa ile nundu ya juu ya mabega. Meno yakasawazishwa, tandiko likabadilishwa. Hata hivyo Radi aliendelea kujikaza. Mwili ulikuwa umezoea kungojea maumivu, kama sisi tunavyofumba macho mara tu muuguzi anapoinua sindano.

3. Jifunze kusoma dalili

Farasi hasemi lakini haachi kueleza. Aliyekaza huinua kichwa, hufumbata mdomo, hukunja ngozi juu ya jicho, hupanua pua, huchezesha mkia kwa hasira na hushusha pumzi fupi fupi. Masikio yakilazwa nyuma kabisa, rudi hatua moja.

Anayeanza kulegea hupepesa macho polepole, hushusha kichwa, huachia mdomo wa chini, huweka masikio pembeni, hupumzisha mguu mmoja wa nyuma, hupiga pua kwa utulivu, hupiga miayo, au hulamba na kutafuna ingawa hana chakula mdomoni. Hapa kuna onyo. Kulamba na kutafuna hakumaanishi kila mara kwamba amefurahi. Mara nyingi huonyesha kwamba anatoka katika wasiwasi na kuingia katika utulivu. Kwa hivyo usiangalie dalili moja tu. Zitazame zote pamoja.

4. Jitulize wewe mwenyewe

Mgiriki Xenophon, aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, aliandika kitabu juu ya upandaji farasi, na humo alionya kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira. Hasira hasara, kumbe Wagiriki nao walijua! Kabla ya kuingia bandani, mimi husimama mlangoni, hushusha mabega na kuvuta pumzi ndefu mara tano. Kama nimepata alama mbaya za hesabu siku hiyo, hata kumi.

5. Kazi ya mkono

Mtu mmoja amshike farasi kwa kamba iliyolegea, pahali patulivu, pasipoteleza. Usimfunge kwa kamba fupi, kwani akijua hawezi kusogea atajikaza zaidi. Wewe simama kando ya bega lake, kamwe si nyuma yake wala mbele kabisa ya uso.

Anza pale juu ya mabega, shingo inapokutana na mgongo. Farasi wenyewe hukwaruzana hapo kwa meno wanapopendana. Mwaka 1993 watafiti Claudia Feh na Jeanne de Mazières walichapisha utafiti wao uliofanywa kwa farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Waligundua kwamba farasi akikwaruzwa sehemu ile anayoipenda, moyo wake hupunguza mapigo. Nami humkwaruza Radi hapo kwa ncha za vidole kwa dakika mbili au tatu.

Kisha weka kiganja nyuma ya sikio na ukitembeze polepole sana kando ya shingo, juu ya bega, kando ya uti wa mgongo mpaka nyongani. Usibonyeze. Mkono uwe mwepesi, unagusa nywele tu. Tazama jicho lake. Pahali atakapopepesa, simamisha mkono hapo hapo usubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Mara ya kwanza nilihesabu sekunde kumi nikachoka. Baba akaniambia, "Mkono wako una haraka. Ngoja." Tulingoja karibu dakika mbili, ghafla Radi akapiga miayo mara tatu mfululizo. Nilidhani ni usingizi, kumbe ni shingo iliyoachia.

Akishaachia, ondoa mkono, mpe nafasi, halafu endelea. Ukihitaji kuongeza nguvu, isizidi ile unayotumia kubonyeza embe sokoni kujua kama limeiva. Akikaza dhidi ya mkono wako, punguza. Farasi ana nguvu kukushinda mara nyingi, kwa hivyo mashindano ya nguvu hutashinda. Lakini ngozi yake huhisi hata inzi akitua, basi mguso mdogo unamtosha. Fanya upande wa pili vivyo hivyo.

6. Utosi, taya na shingo

Kiungo cha taya kiko chini kidogo ya sikio, karibu sana na utosi, kichwa kinapoungana na shingo. Taya likikaza, utosi nao hukaza, na shingo nzima hufuata. Weka mkono mmoja juu ya pua yake na mwingine nyuma ya masikio, kama amekubali. Kisha kitikise kichwa kidogo sana kushoto na kulia, kama unavyombembeleza mtoto alale. Mwendo uwe wa sentimita chache tu. Akishusha kichwa, shuka naye. Akiinua, mwachie, usimng'ang'anie. Shingo yake ina mifupa 7 kama yako na ya twiga pia, na yote huhitaji kusogea.

7. Kunyoosha kwa karoti

Hili farasi hulipenda kuliko mengine yote. Akiwa misuli imeshapata joto, yaani baada ya kutembezwa, mwonyeshe kipande cha karoti aifuate kwa pua: kwanza kifuani, kisha katikati ya magoti, kisha ubavuni, upande huu na ule. Abaki hapo sekunde chache halafu apewe. Usimvute. Yeye mwenyewe ajinyooshe kwa kadiri awezavyo. Mwaka 2011 Hilary Clayton na wenzake walichapisha utafiti wa mazoezi ya namna hii. Yalifanywa siku 5 kwa juma kwa muda wa miezi 3, na ile misuli midogo iliyo karibu kabisa na uti wa mgongo ikanenepa. Hiyo ndiyo misuli inayoushikilia uti usiyumbe. Kwa hivyo karoti si hongo, ni mazoezi.

8. Ukishapanda

Funga mkanda wa tumboni kidogo kidogo, tundu moja, mtembeze, kisha tundu lingine. Panda kutoka juu ya kijukwaa ili usiuvute mgongo wake upande mmoja. Dakika 10 hadi 15 za mwanzo ziwe za kutembea tu, hatamu zikiwa ndefu. Baadaye fanya miduara mikubwa, ubadilishe upande mara kwa mara. Ndipo uende matiti, ule mwendo wa mbio za polepole. Shoti, yaani mbio za kasi, ngojeni mpaka mgongo uwe umelegea. Akinyoosha shingo mbele na chini, fungua vidole umwachie hatamu. Akikaza, usivute zaidi. Rudi kwenye kutembea, shusha pumzi, anza tena. Pole pole ndio mwendo, na hapa methali hiyo ni kweli tupu.

Mkimaliza, mtembeze tena mpaka pumzi itulie. Usimrudishe bandani akiwa bado anahema.

9. Wakati wa kutogusa

Usikande pahali penye kidonda, uvimbe au joto. Na iwapo baada ya kazi farasi ametoka jasho jingi, misuli ya matakoni imekuwa migumu kama ubao, hataki kusogea, au mkojo wake ni wa rangi ya kahawa, huo si uchovu. Ni ugonjwa wa misuli unaoweza kumwua. Usimkande, usimlazimishe kutembea. Mfunike asipate baridi, mpe maji, mwite daktari upesi.

Yaliyompata Radi

Tulifanya kazi hii kwa majuma sita, mara nne au tano kwa juma, dakika 20 kila mara. Juma la kwanza hakukubali niguse upande wa kushoto wa shingo kabisa. Juma la tatu aliweza kuifuata karoti mpaka ubavuni. Juma la tano nilifunga mkanda wa tumboni naye akageuza kichwa kunitazama. Nikafumba macho nikingoja meno. Akanipulizia tu hewa ya moto mkononi.

Siku ya mwisho mwenye farasi alikuja mwenyewe. Baba alimpandisha mtoto yule yule aliyeangushwa, akamwongoza Radi kwa kamba. Wakazunguka uwanja kushoto, wakazunguka kulia. Radi alishusha kichwa akatembea kwa hatua ndefu. Mwenye farasi hakusema mengi. Aliuliza karoti zinagharimu pesa ngapi kwa juma, baba akamtajia, naye akasema ataziweka katika hesabu. Hivyo ndivyo tulivyojua Radi anabaki.

Sitawadanganya kwamba alirudi kuwa kijana. Haruki tena viunzi, na asubuhi za baridi upande wa kushoto bado hukaza. Kazi yake sasa ni kuwabeba watoto wanaoanza kujifunza, kwa mwendo wa kutembea na matiti kidogo.

Pengine utasema, "Sisi kwetu hatuna farasi." Sawa, lakini je, punda wa maji? Wengi wetu tuna punda nyumbani. Huyo naye ana mgongo, ana shingo, na nira ikimfinya huumia vile vile. Kabla hujasema ni mkaidi na kuchukua fimbo, vua matandiko uangalie chini yake. Tena husemwa punda afe mzigo wa bwana ufike. Mimi naomba mzigo ufike na punda naye afike.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini hatua za farasi huwa fupi misuli ya kifua na mabega inapokaza?
2. Taja mambo manne ya kuchunguzwa kabla ya kuanza kumkanda farasi.
3. Eleza tofauti kati ya matiti na shoti.
4. "Asante ya punda ni mateke." Tunga kisa kinachoonyesha kwamba teke hilo lilikuwa na sababu.